Kabla ya Kumpigia Mtu wa Mtandao, Fungua Templeti Yako

“Kaka, mtandao wenu unasumbua. Tumepandisha mashine pepe kumi na mbili kutoka templeti moja, ukiingia kwenye hii, ile inakufa.” Simu ya namna hii nimeshaipokea mara nyingi mno mwaka huu, na kila mara swichi ni nzima, kebo ni nzima, ruta haina habari. Naandika mara moja kuhusu templeti, yaani mashine pepe ya mfano inayonakiliwa kupata nyingine; atakayepiga tena nitamtumia hii asome kwanza.

“MAC ni tofauti, kwa hiyo IP haziwezi kugongana”

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wanaojua kazi. Wamefungua vSphere, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe, wamelinganisha MAC (namba ya kadi ya mtandao) za mashine mbili, wameziona tofauti, wamefunga mjadala. Ni kweli kila nakala inapewa MAC mpya. Lakini nani alikwambia seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP, lazima itazame MAC?

RFC 2131, waraka wa kanuni za DHCP wa mwaka 1997, iko wazi: mashine ikileta kitambulisho chake yenyewe, kile cha chaguo namba 61, seva inamtambua mteja kwa hicho. MAC inatumika pale kitambulisho kisipoletwa. Na Ubuntu ya seva, tangu ilipohamia netplan na systemd-networkd kupanga mtandao wake, inakileta. Inakitengeneza kutokana na `/etc/machine-id`, faili lenye namba ya utambulisho ya mashine, pamoja na jina la kadi ya mtandao. Sasa hesabu mwenyewe. Jina la kadi kwenye nakala zote ni moja, `ens160` au `ens192`. Na machine-id, kama ulisakinisha Ubuntu kwa ISO, ukaweka programu zako, ukazima na kugeuza templeti, ni ileile kwenye kila nakala, herufi zote 32.

Seva ya DHCP haioni wateja kumi na wawili. Iko kama mhudumu wa gesti anayegawa funguo kwa kusoma kitambulisho bila kuinua macho: wageni kumi na wawili wamekuja na kitambulisho kimoja kilichodurufiwa, wote anawapa ufunguo wa chumba namba 7. Kwake yeye ni mgeni yuleyule amerudi.

Kuanzia hapo ni vurugu ya ARP, ule utaratibu wa mashine kuulizana IP fulani ni ya MAC ipi. IP moja, MAC kumi na mbili, na kila jirani anamwamini aliyejibu mwisho. Ndiyo maana ping inakwenda, inakata, inarudi. Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho watu hawakioni: kama funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) za seva nazo zilibaki ndani ya templeti, hutapata lile onyo la kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Utaingia, utaona kila kitu kinafanana, utafanya kazi nusu saa kwenye mashine ambayo siyo. Kuna mteja aliyefuta data za majaribio kwenye seva ya pili akidhani yuko kwenye ya tano. Bahati yake zilikuwa za majaribio kweli.

Kuhakiki hakuchukui dakika. Ingia kwenye mashine mbili kupitia konsoli, yaani skrini ya mashine ndani ya vSphere, siyo SSH, kisha andika `cat /etc/machine-id`. Zikifanana, acha kumtafuta mchawi.

Dawa yake inawekwa kwenye templeti:

`truncate -s 0 /etc/machine-id`
`rm -f /var/lib/dbus/machine-id`
`ln -s /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id`

Lile faili la kwanza limwage, usilifute; likiwepo na likiwa tupu, systemd italijaza upya mashine itakapowaka. La pili usilipuuze. Likibaki ni faili kamili lenye namba ya zamani, `systemd-machine-id-setup` inaweza kuichukua kutoka humo na kuirudisha, halafu utaapa kwamba ulishasafisha.

Baada ya hapo, zima. Tena nasema zima, na usiiwashe. Hapa ndipo nusu ya wateja wangu wanapoharibu: wanasafisha vizuri kabisa, wanazima, kisha mmoja anakumbuka hakuhakiki toleo la kitu fulani, anawasha “mara moja tu,” anazima tena na kugeuza templeti. Kule kuwasha kumeshajaza machine-id. Umerudi ulipoanza, na safari hii unajiamini. Mimi usafi wote nauweka kwenye skripti moja ambayo mstari wake wa mwisho ni `poweroff`, ili nisipate nafasi ya kushawishika.

Kama templeti si yako na huna ruhusa ya kuigusa, weka `dhcp-identifier: mac` kwenye netplan na kitambulisho kitakuwa MAC. Inafanya kazi. Lakini machine-id bado inafanana, na mitambo ya kukusanya kumbukumbu inayoitegemea itaona seva zako zote kuwa moja. Ni kiraka.

“Nimefuta 70-persistent-net.rules, bado haikubali”

Haitakubali. Kufuta faili hilo la majina ya kadi ilikuwa dawa ya CentOS 6, Linux ya zamani, nakala ilipokuwa inaamka na `eth1` badala ya `eth0`. CentOS 6 ilifikia mwisho wa huduma Novemba 2020. Kwenye Ubuntu ya leo, angalia `/etc/netplan/50-cloud-init.yaml`: ukikuta mstari wa `macaddress` wenye MAC ya templeti, mpangilio huo unasubiri kadi ambayo nakala haina. Endesha `cloud-init clean` kabla ya kuzima templeti, ili cloud-init, inayoipanga mashine inapowaka mara ya kwanza, ianze upya.

“Terraform imesema haikupata IP, basi mtandao haupo”

Terraform, programu ya kuunda mashine kutokana na faili la maelezo, haijapima mtandao wowote. Imeiuliza vSphere, na vSphere imeziuliza VMware Tools zilizo ndani ya mashine. Kama open-vm-tools, toleo lake la Linux, haimo kwenye templeti, mashine inaweza kuwa na IP safi kabisa na Terraform bado ikalia. Isitoshe, `wait_for_guest_net_timeout` kwa kawaida ni dakika 5, na Windows inayopitia sysprep (zana ya kuipa kila nakala utambulisho wake) kwenye diski za taratibu inazimaliza ikiwa bado inajipanga. Fungua konsoli utazame kwa macho yako kabla ya kufuta kila kitu na kuanza upya.

“Haijibu ping, kwa hiyo imekufa”

Windows Server mpya inapokutana na mtandao isioufahamu huuhesabu kuwa wa umma, na fayawoli yake hunyamazia ping. Jaribu mlango unaouhitaji, kwa mfano `Test-NetConnection` na namba ya 3389, mlango wa RDP wa kuingia Windows kwa mbali. Ila ukiona mashine ina IP inayoanza na 169.254, hilo ni jambo jingine: iliita DHCP na hakuna aliyeitika. Kwa wanaopandisha na kubomoa mashine za majaribio siku nzima, mara nyingi anwani zimekwisha tu. Mtandao wa /24 una anwani 254, na DHCP ya Windows Server huazima kila moja kwa siku 8 usipobadilisha. Mashine uliyoibomoa asubuhi bado imekalia kiti. Punguza muda uwe saa moja au mbili.

“SID zikifanana Windows hazionani”

Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft aliandika kwamba hofu hii ya SID, namba ya utambulisho ya mashine ya Windows, ni hekaya, na programu yake ya kubadilisha SID, NewSID, ikastaafishwa. Watu wakatulia, wengine wakaacha sysprep kabisa. Sasa masasisho ya Windows yaliyotoka tangu mwishoni mwa Agosti 2025, kwa Windows 11 24H2 na 25H2 na kwa Windows Server 2025, yanakagua SID, na mashine zenye SID moja zinakataliwa na Kerberos na NTLM, mifumo ya Windows ya kuthibitisha anayeingia. Ping inakwenda, folda za pamoja na RDP zinagoma, na fundi anahangaika na VLAN, vile vigawanyo vya mtandao kwenye swichi. Nilikuwa nasema sysprep ni lazima hata enzi za ile hekaya. Walioniona mshamba wananipigia sasa.

“Templeti ni nzima, maana mashine nne zimekubali”

Hii nusu yake ni kweli, na ndiyo pekee ambapo nakubali kuamshwa usiku. Angalia zile zilizogoma zimekaa kwenye seva mama ipi, yaani seva halisi inayobeba mashine pepe. Zikiwa zote ziko kwenye moja, huenda VLAN yako haijaruhusiwa kwenye mlango wa swichi unaoihudumia seva hiyo. Hamisha mashine moja iliyogoma kwenda kwenye seva mama ambayo wenzake wamekubali. Ikifufuka bila kuguswa kitu kingine, nipigie, na uwe na jina la seva mama na namba ya VLAN mkononi.