Entebbe mpaka Nairobi ni dakika ngapi kweli? Watu wanavyokosea hesabu za ndege

Dhana inayosumbua watu zaidi ni hii ya kuchukua kilomita, unagawa kwa spidi ya ndege, basi umepata muda. Entebbe hadi Nairobi kwa angani ni kama kilomita 520, jeti ikishafika juu inakimbia 800 na kitu kwa saa, kwa hiyo mtu anapata dakika 40 hivi, afu anaona tiketi imeandikwa saa moja na zaidi anaanza kusema shirika linadanganya. Hapana jamani. Muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka maegeshoni Entebbe mpaka inaposimama maegeshoni Nairobi, yaani kutembea chini kwenda njia ya kurukia umo, kusubiri zamu umo, kupanda na kushuka (na hapo spidi bado ndogo) umo, na kule JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) ndege zikiwa nyingi mnazungushwa kwanza angani. Safari fupi kama hii ndo inaumia zaidi. Dubai ni karibu kilomita 3,700, mara saba ya Nairobi, lakini muda ni kama masaa matano tu.

Na hapo Dubai kuna kosa lingine, watu wanatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi inaandika saa za mji husika! Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, so ukienda inaonekana masaa sita, ukirudi manne, wakati angani ni karibu yaleyale. Mnaosindikiza ndugu wanaoenda kazi huko tafadhali liangalieni hili kabla hamjamwambia mtu aje kumpokea.

Wengine wanasema ndege ikielekea magharibi inafika haraka kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Si kweli, hewa inazunguka pamoja na dunia. Kinachobadilisha muda ni upepo, kule Atlantiki unavuma kwa nguvu sana kutoka magharibi ndo maana New York kwenda London ni haraka kuliko kurudi, lakini huku kwetu ikweta upepo wa namna hiyo ni mdogo.

Afu msidhani ndege lazima ifuate mstari mnyoofu. Entebbe na London ziko kama kilomita 6,500, na njia fupi kabisa inapita juu ya Sudan, ila vita vilipoanza Aprili 2023 anga ya Sudan ikafungiwa ndege za abiria ikabidi zizunguke, kilomita zikaongezeka na mafuta pia.

Mwisho, ile ya "Nairobi ni saa moja tu." Kutoka Kampala mpaka Entebbe ni kama kilomita 40, na hata na ile expressway ya 2018 jam ya mjini bado iko palepale, halafu unatakiwa kuwa eapoti masaa mawili au matatu kabla. Panga nusu siku. Bado ndege inalishinda basi la abiria, kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600 na unakesha njiani.