Mumiani: dawa ya Uajemi iliyogeuka mnyonya damu

Ukimuuliza mtu wa Pwani mumiani ni nani, atakwambia ni mtu anayevizia wenzake usiku, akawateka, akawatoa damu na kwenda kuiuza. Bara wapo wanaomwita chinjachinja au kachinja. Sisi tulipokuwa wadogo, kutajwa kwake tu kulitosha kuturudisha nyumbani kabla ya magharibi.

Lakini fungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Maana inayotangulia pale si mtu, ni dawa: kitu cheusi mfano wa gundi, kinacholetwa kutoka Uajemi, ambacho Waarabu, Wahindi na Waswahili walikipaka kwenye mfupa uliovunjika au kukiyeyusha katika samli wakakinywa. Kisha kamusi inaongeza kwamba wengi wanaamini kabisa kuwa kitu hicho ni damu iliyoganda ya watu waliouawa. Dawa na mauaji vimekaa ndani ya neno moja, na kuna njia ndefu iliyovikutanisha.

Njia hiyo inaanzia Uajemi. Kwa Kiajemi *mum* ni nta, na *mumiya* ni lami laini inayochuruzika kutoka kwenye miamba ya milimani, hasa katika jimbo la Fars. Matabibu wakubwa wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, waliisifu kwa kuunga mifupa na kutibu majeraha. Ilikuwa adimu na ya bei. Huko Misri kulikuwa na maiti wa kale waliopakwa vitu vyeusi vinavyofanana na lami hiyo, na watu wakaanza kuwakwangua. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyeishi Misri karibu na mwaka 1200, anaeleza kwamba alinunua vichwa vitatu vilivyojaa dawa hiyo kwa nusu dirhamu. Jina la lami likahamia kwenye maiti wenyewe. Ndiyo sababu mpaka leo maiti wa Kifarauni anaitwa mumia.

Wazungu walipofasiri vitabu vya utabibu vya Kiarabu, walilichukua neno pamoja na utata wake. Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti wa Misri, na wagonjwa wakaunywa. Inasimuliwa kwamba Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alitembea na kifuko cha mumia, akiogopa kuumia. Mwaka 1582 daktari wa upasuaji Ambroise Paré aliandika kuipinga tiba hiyo, lakini biashara iliendelea muda mrefu baada yake. Jambo hili linanigusa kila ninapolisoma, maana hadithi ya kwamba Wazungu hutengeneza dawa kutokana na miili ya watu mara nyingi huchekwa kama ujinga wa Waafrika, na kumbe Ulaya kwenyewe ilikuwa biashara ya wazi, yenye bei na mizani.

Uvumi wa namna hiyo ulikuwepo India pia. Katika karne ya 19 watu huko walinong'ona kwamba Waingereza huwaiba vijana, huwaning'iniza juu ya moto na kukinga mafuta yao ili wapate *momiai*. Jina ni lile lile, na vyombo vilivyoleta dawa katika bandari zetu vilileta na masimulizi. Kamusi ya Ludwig Krapf, mmisionari aliyeanza kukaa Mombasa mwaka 1844, ilichapishwa mwaka 1882 na tayari inalo neno mumiani, ikieleza kuwa ni dawa ambayo wenyeji wanaamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijasimikwa Pwani. Kwa hiyo ukoloni haukuuzaa woga huu, uliukuta na kuunenepesha.

Na uliunenepesha kweli. Walikuja madaktari wenye sindano, wakipanga vijiji vizima mstari kutibu buba, wakichukua matone ya damu kupima malale, na mara nyingi hawakueleza damu ile inakwenda wapi. Magari yaliingia vijijini usiku. Mijini ikaanzishwa zimamoto. Fikiria mtu aliyehamia Nairobi au Kampala katika miaka ya 1930: anaona wanaume wamevaa sare, wana gari jekundu na mipira mirefu ya kupitishia maji, wanakaa kituoni mchana kutwa wakilipwa mshahara, na moto hauonekani. Wanafanya kazi gani basi? Jibu lililoenea Kenya na Uganda ni kwamba wazimamoto ndio wanyonya damu wenyewe, na kwamba vituoni yamechimbwa mashimo ya kuwaficha watu waliokamatwa. Katanga nako, kule Kongo, walivumishiwa batumbula, wateka watu wa usiku walionenepesha mateka wao ili waliwe.

Mwanahistoria Luise White wa Marekani alikusanya simulizi hizi kutoka kwa wazee wa Kenya na Uganda. Hakujishughulisha kuthibitisha kama damu ilinyonywa, kwa sababu haikunyonywa. Alitaka kujua zinasema nini juu ya maisha ya wasimuliaji, na mimi naona hapo ndipo alipopatia. Mtu aliyelipishwa kodi ya kichwa, aliyetolewa kwake akafanye kazi mbali, aliyepimwa mwili na watu asioijua lugha yao, alikuwa anaeleza anachokiona: kuna kitu kinatolewa mwilini mwake kinakwenda kunufaisha wengine. Damu ndilo neno alilokuwa nalo.

Kuuelewa uvumi si kuusamehe, maana umeua watu. Mwaka 1959 pale Buguruni, Dar es Salaam, tuhuma ya mumiani ilizua vurugu kati ya wananchi na polisi. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi makundi ya watu yaliua washukiwa wa unyonyaji damu, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Na hapa kwetu, Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji walioamini kuwa ni wanyonya damu. Miili yao ilichomwa moto na gari lao pia. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo.