Rupia nyeusi usiisugue, na usiiuze kwa gramu kabla hujaisoma

Kauli ni ile ile kila siku: "Fedha ni fedha tu, weka kwenye mzani." Anayeisema ni sonara, au dalali, au mjukuu aliyekuta mkebe wa marehemu bibi. Na mara nyingi kosa la pili limeshafanyika: sarafu imesuguliwa kwa majivu na limau mpaka inawaka, eti ipate bei. Nimeshalijibu hili kwa mdomo vya kutosha. Leo naliandika.

Hapa Dodoma sarafu hizi hazikosekani. Misafara ya kwenda Tabora ilipita Mpwapwa ikavuka Ugogo, Mjerumani akaweka maboma Mpwapwa, Kilimatinde na Kondoa, kisha ikaja Reli ya Kati. Pesa ya zama hizo ilikuwa rupia. Kwa hiyo ukinunua fedha chakavu kwa kilo, vikuku vilivyopinda, vidani, mikufu iliyokatika, usishangae kukuta sarafu humo ndani, nyingine zimetobolewa, nyingine zimechomelewa kitanzi.

Rupia ya Kihindi na rupia ya Mjerumani ziligongwa kwa kipimo kimoja: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000. Mzani hauwezi kuzitenganisha, na moto ndio kabisa. Kinachozitenganisha ni maandishi, mwaka na herufi ndogo ya kiwanda. Ya Mjerumani ina Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza. Ukiona simba na mnazi pamoja na jina refu la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, hiyo ni ya 1890 hadi 1902. Ukiona thamani na mwaka ndani ya matawi, na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, ni ya 1904 hadi 1914, na hapo utafute herufi: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka ule ule wenye herufi tofauti unaweza kuwa na bei tofauti kabisa.

Ile kubwa ya rupia mbili, gramu 23.32, iligongwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ukubwa wake unamtamanisha sonara: kipande kimoja, kikuku kimoja. Ukiyeyusha hiyo umechoma thamani ambayo gramu zake hazitairudisha kamwe.

Nikiri upande wa pili pia. Rupia za Kihindi za Mfalme George wa Tano, hasa za miaka ya Vita vya Kwanza, ziligongwa kwa mamilioni, na ikiwa imelika mpaka sura haisomeki, bei yake ni fedha yake basi. Sonara hapo hajakosea. Za 1940 hadi 1945 usizilipie kama zile za awali, maana fedha ilishushwa hadi nusu. Nyingi utazijua kwa ukingo wenye mfereji katikati. Ya 1947 yenye simba milia ni nikeli tupu, inanata kwenye sumaku.

Gramu inadanganya hata upande wa mnunuzi. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma yake, ya 1921 hadi 1946, ni robo fedha. Shilingi 100 zina gramu 778 mzanini, lakini fedha halisi ni kama gramu 194. Ukilipa kama fedha ya 925 umelipia gramu 720. Hasara hiyo huirudishi kwa kujadiliana. Na kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Njia ya haraka ni kusoma maandishi ya upande wenye kichwa cha mfalme: yenye IND:IMP ina fedha, isiyo nayo ni shaba na nikeli. Ukikuta iliyoandikwa ONE FLORIN ya 1920, iweke pembeni, ilidumu muda mfupi mno.

Tindikali ya kupimia fedha nayo msiiamini sana kwenye shilingi hizi. Sarafu ya fedha hafifu huwa na ngozi ya juu yenye fedha nyingi kuliko ndani, kwa hiyo tone la tindikali linasoma ngozi. Ukiipiga tupa ufike ndani, umeshaiharibu.

Kipimo kisichojeruhi ni maji. Weka glasi ya maji kwenye mzani unaosoma hadi gramu 0.01, bonyeza irudi sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wake wa hewani kwa namba unayoiona. Rupia nzuri ya gramu 11.66 itaonyesha kama 1.13, jibu ni karibu 10.3. Shaba na nikeli ingeonyesha kama 1.31, jibu 8.9. Viputo vya hewa vinaharibu hesabu. Gonga uzi kidogo vitoke. Kwa shilingi moja kipimo hiki hakitoshi, tofauti ya fedha hafifu na nikeli ni gramu 0.03 tu. Zipime tano kwa pamoja, za aina moja, ndani ya kiwavu chepesi ulichokwisha kukiondoa kwenye hesabu.

Sasa suala la kusugua. Ule weusi si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoshikana na salfa ya hewani na ya moshi wa jikoni, utando mwembamba mno unaokaa juu ya sura ya sarafu na kuifunika. Ukiusugua kwa majivu, dawa ya meno au stili waya, unaondoka na ngozi ya sarafu. Iweke chini ya lenzi ya mara kumi uone: mistari myembamba inayokwenda upande mmoja kwenye shavu la Kaiser na mabawa ya tai, huku weusi umebaki umebanwa kati ya herufi. Sarafu isiyoguswa ukiizungusha chini ya taa moja, mwanga unatembea juu yake kama spoki za baiskeli. Iliyosuguliwa inang'aa kote sawasawa, na mwanga hautembei. Magadi na karatasi ya alumini havichubui, lakini vinaiacha imepauka, na mnunuzi wa sarafu anajua mara moja. Akishajua, bei inaporomoka hata kama mwaka ni adimu.

Udongo uliogandamana loweka kwenye maji safi siku nzima. Mafuta yatoe kwa asetoni. Kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba, usifute. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi moja moja. Mpira wa kufungia noti una salfa, unachora mstari mweusi usiotoka.

Iliyokuwa na kitanzi, tazama ukingo juu ya kichwa: doa la risasi ya kuchomelea au sehemu iliyopigwa tupa. Adimu yenye doa bado usiiyeyushe.

Kuna moja ambayo vitabu vinaieleza kwa uhakika ambao mezani haupo: riale ya Maria Theresa. Gramu 28.07, fedha 833, maandishi ya kunyanyuka ukingoni, na zote zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa karne ya ishirini Vienna, Rome, London au Bombay. Wataalamu wanahesabu lulu za kifungo cha bega na manyoya ya mkia wa tai. Kwenye iliyolika, hivyo vyote vimeshafutika, na watu wawili wenye lenzi nzuri watatoa majibu mawili. Mimi hulipa gramu 23 za fedha safi, naiweka kwenye bahasha nzima ilivyo, na atakayekuja na hoja nzuri zaidi ya ilipogongwa ndipo tunazungumza bei nyingine.