Nionyeshe uzio wako kwanza

Swali huja hivi, karibu kila wiki: "Dokta, mtoto wangu wa mbwa ana miezi minne, nimlete lini kufungwa kizazi?" Mwenye mbwa anasubiri nitaje mwezi. Zamani nilikuwa nautaja bila kusita: wa sita. Siku hizi namrudishia maswali mawili. Akikomaa atakuwa na kilo ngapi? Na uzio wako ukoje?

La pili watu hulicheka. Nitalifikia.

Kwanza maneno. Dume tunamhasi, yaani tunatoa korodani zote mbili. Jike tunasema tunamfunga kizazi, ingawa hakuna kinachofungwa: tunafungua tumbo, tunatoa ovari na mara nyingi kizazi chote. Kwa wote wawili hauondoki uwezo wa kuzaa peke yake, kinaondoka na kiwanda cha homoni, na mjadala wa umri umelala hapo. Homoni hizo ndizo zinazoiambia mifupa ya mbwa mchanga iache kurefuka. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya miguu kuna tabaka la gegedu linalogeuka mfupa mbwa anapopevuka. Ukiondoa homoni mapema, tabaka hilo linachelewa kukaza, miguu inarefuka kidogo kupita kiasi chake, na nyonga na magoti yanabeba mwili kwa namna ambayo hayakupangiwa.

Mbwa wa kilo saba hatambui tofauti. Wa kilo 35 anaitambua akianza kuchechemea.

Walioyafuatilia haya kwa muda mrefu ni Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Walianza na aina ya golden retriever mwaka 2013, na mwaka 2016 wakaja na German shepherd, ambaye ndiye ninayemwona sana mezani kwangu kwa sababu Dar kila mwenye geti anamtaka. Madume waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, 21 katika kila 100 walipata angalau ugonjwa mmoja wa viungo. Ambao hawakuhasiwa, 7. Kwa majike ilikuwa 16 dhidi ya 5, na majike 7 katika kila 100 waliofungwa kizazi kabla ya mwaka walipata tatizo la kuvuja mkojo, jambo ambalo halikuonekana kwa wale ambao hawakufungwa. Mwaka 2020 kundi hilohilo likatoa mapendekezo kwa aina 35 za mbwa: German shepherd asubiri mpaka apite miaka miwili. Kwa mbwa mchanganyiko waliona mpaka uko kwenye kilo 20 hivi. Chini ya hapo, umri haukuleta tofauti kubwa kwenye viungo.

Hizo ni kumbukumbu za hospitali moja ya Marekani, si za Tandika. Lakini mfupa ni mfupa, na upasuaji wa goti lililokatika kano ni ghali, tena si kila kliniki inaufanya. Kwa hiyo niliposoma matokeo hayo nilibadilika, na nikabadilika kwa pupa ya mtu aliyepata jambo jipya.

Ndipo akaja mama mmoja wa Tegeta na German shepherd jike wa miezi saba. Nikamweleza habari ya mifupa kwa ufasaha wote, nikamwambia arudi mbwa akipita miaka miwili. Alirudi baada ya miezi mitano. Mbwa ana tumbo, chuchu zimevimba. Nyumba ilikuwa bado inajengwa, ukuta wa nyuma umefika kiunoni, na mafundi wanaingia na kutoka mchana kutwa. Joto la kwanza, yaani siku za jike kutaka dume, lilipokuja, madume wa mtaa mzima walihamia kwake. Mlinzi aliwakuta wamenasiana asubuhi, akawamwagia maji, ambayo hayasaidii kitu zaidi ya kuwaumiza. Siku 63 hivi tangu siku hiyo akazaa watoto tisa. Mama alipata pa kuwapeleka wanne. Waliobaki sikuuliza tena, na najua kwa nini sikuuliza.

Nilimpa ushauri sahihi wa nyumba nyingine. Tangu siku hiyo nauliza uzio.

Ushauri wowote kuhusu umri huu una uzio wake nyuma. Nchini Norwei sheria ya ustawi wa wanyama hairuhusu kukata kiungo cha mnyama bila sababu ya msingi, hivyo mbwa wengi wanaishi na ovari na korodani zao maisha yote, na mitaa haijajaa watoto wa mbwa, kwa kuwa mbwa anatembea na kamba na mwenye kamba. Marekani, vituo vya kulelea mbwa waliotupwa vinawafunga hata wakiwa na wiki nane, kabla hawajakabidhiwa kwa mtu, kwa sababu ahadi ya "nitamleta baadaye" wameisikia mno. Wote wawili wana akili timamu. Ukisoma mtandaoni mmoja anasema usiguse na mwingine anasema gusa mapema, usidhani mmoja ni mwongo.

Sisi uzio wetu ni michongoma, mabati, au geti lenye mwanya wa kupita mbwa. Na nje ya geti kuna jambo ambalo wenzetu wengi wa Ulaya hawalioni mara kwa mara: uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri. Ni kansa inayohama mbwa hadi mbwa kwa kupandana, chembe zenyewe za kansa zikipandikizwa kama mche. Inaonekana kama koliflawa ndogo inayotoka damu, na wengi hudhani ni joto lisiloisha. Inatibika kwa sindano za vinkristini, kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini hakuna mwenye mbwa aliyeipangia bajeti.

Kusubiri kuna gharama nyingine kwa jike. Kizazi kinaweza kujaa usaha, kwa kawaida wiki chache baada ya joto. Anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, analala tu, na usipowahi anakufa. Takwimu za Sweden, ambako majike wengi hawafungwi, zinaonyesha kuwa takriban mmoja kati ya wanne huupata kabla ya kufika miaka 10. Kuna pia uvimbe wa matiti. Utafiti wa mwaka 1969 ulisema kumfunga kabla ya joto la kwanza kunaushusha hadi karibu na sifuri; mapitio ya mwaka 2012 yakasema ushahidi wake ni dhaifu kuliko tulivyokuwa tukiunadi. Mimi bado naupa uzito, ila siutumii kumtisha mtu.

Basi naamuaje? Mbwa wa kienyeji wa kilo 15, jike, anayezurura: miezi mitano hadi sita, kabla ya joto la kwanza, na sioni cha kujadili. Mbwa mdogo wa ndani, vivyo hivyo. Dume mkubwa mwenye ukuta mzima namwacha hadi mwaka na nusu au miwili, maana kwa dume hasara ya kusubiri ni ndogo: kizazi hana, na korodani naweza kuzikagua kwa mkono. (Ikiwa moja haijashuka kufikia miezi sita, itolewe akipevuka, kwa sababu ile iliyobaki tumboni huwa na hatari kubwa zaidi ya uvimbe.) Anayenipa taabu ni jike mkubwa. Hapo ndipo uzio unaamua. Kama ukuta umekamilika na kuna mtu mzima atakayemfungia wiki tatu kamili za joto, nasubiri. Kama jibu linaanza na "tutajitahidi, dokta", namfunga kabla ya joto la kwanza na tunakubaliana kuulinda uzito wake. Nyonga mbovu ni uwezekano. Mimba kwenye nyumba isiyo na ukuta ni suala la tarehe.

Kuna wanaotaka njia ya tatu, ile sindano ya kuzuia joto. Siipendi. Homoni iliyomo huongeza hatari ya usaha wa kizazi, na nimewahi kuifungulia matumbo kadhaa. "Azae kwanza mara moja ndipo afungwe" nayo haina faida yoyote ya kiafya.

Wenye mbwa wa ulinzi huogopa dume akihasiwa atakuwa mzembe. Atapunguza kutoroka kufuata majike na kukojolea kila tairi. Kubweka kwa mgeni hakutoki kwenye korodani. Ila mbwa mkali kwa sababu ya woga, kisu hakimponyi, na wengine huzidi woga. Huyo namtaka kwa mkufunzi kwanza. Kinachobadilika kweli ni mahitaji ya chakula. Punguza bakuli la dona na dagaa kwa kama robo, la sivyo baada ya mwaka utaniletea pipa.

Umri ukishapangwa, bado siku haijapangwa. Jike aliye kwenye joto simpasui ila kwa dharura, mishipa ya kizazi imejaa damu. Nasubiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha, na kama chuchu zina maziwa, nangoja yakauke. Na kabla ya nusu kaputi natoa damu hata kama mbwa anarukaruka, kwa sababu ya kupe. Homa ya kupe hushusha chembe sahani zinazogandisha damu, na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa mpaka pale unapokata na damu haikomi. Nimewahi kurudisha nyumbani watatu kwa siku moja, wakaanza doksisaiklini, dawa ya homa hiyo, badala ya kupasuliwa.

Chanjo ya kichaa iwe imeshachomwa. Mbwa mzima asile tangu usiku. Mtoto wa miezi mitatu au minne asikae na njaa zaidi ya saa tatu au nne, sukari yake huanguka haraka. Na dume akishahasiwa usimwachie kesho yake: mbegu zilizobaki njiani zinaweza kutia mimba kwa mwezi mzima.

Yule mama wa Tegeta ukuta wake umekwisha. Mwaka jana alileta mtoto mwingine, jike tena, na safari hii alinitumia picha za ukuta kabla hajanitumia za mbwa. Tumepanga tusubiri. Joto la kwanza lilipita akiwa amefungiwa stoo, na funguo anakaa nazo mama mwenyewe.