Kusimamishwa si kufukuzwa: jaji huangalia nini muda unapoombwa kuongezwa

Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, ofisi yangu ya uwakili hapa Moshi hupokea mafaili ya mbali. Safari moja alikuja dada mmoja, afisa ustawi wa jamii anayefanya kazi England, akiwa na mama yake. Wameniruhusu nieleze habari hii bila majina. Barua aliyoshika ilisema mdhibiti wa taaluma yake anaiomba Mahakama Kuu ya huko iongeze muda wa kusimamishwa kwake. Sijamaliza kusoma, mama akauliza, "Mwanangu, kwa hiyo wameshamfukuza?"

Hapana, mama. Lakini nilielewa swali lake. Kwetu mtu akisimamishwa, mtaa mzima unaona ameshapatikana na hatia.

England, maafisa hawa husajiliwa na Social Work England, ndiyo mdhibiti wao, iliyoanza kazi hiyo Desemba 2019. Tuhuma nzito zikifika, waamuzi wake wanaweza kumsimamisha afisa kwa muda, au kumwekea masharti, uchunguzi ukiendelea. Lengo ni kulinda umma, au maslahi ya afisa mwenyewe. Amri hiyo haivuki miezi 18, na katikati hupitiwa upya. Shauri lisipokwisha, mdhibiti hawezi kujiongezea muda, mpaka aende mahakamani. Naiheshimu sana kanuni hiyo: anayekutuhumu asiachiwe kalenda peke yake.

Jaji afanye nini? Mwongozo ulitolewa mwaka 2007 na Mahakama ya Rufani katika shauri la daktari, Baraza Kuu la Madaktari dhidi ya Hiew. Jaji hupima uzito wa tuhuma, aina ya ushahidi, ukubwa wa hatari kwa wanaohudumiwa, sababu za shauri kutokwisha, na madhara kwa mtuhumiwa muda ukiongezwa. Haamui kama tuhuma ni za kweli. Na mzigo wa kuonyesha kwamba nyongeza inahitajika ni wa mdhibiti.

Hapo ndipo dada yetu alikuwa anapotea. Alikuwa ameandika kurasa nyingi za kukana, tuhuma moja baada ya nyingine. Nikamwambia azitunze, zitafaa siku ya usikilizwaji kamili. Tukachukua karatasi nyingine tukapanga tarehe: malalamiko yalipokelewa lini, shahidi wa mwisho alihojiwa lini, miezi ipi ilipita bila barua hata moja. Kusubiri polisi wamalize kazi yao ni sababu inayoeleweka. Faili kulala mezani ni jambo jingine, na jaji anaweza kutoa miezi michache kuliko iliyoombwa.

Kuhusu fedha, watu wengi huchanganya. Hapa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri anayemsimamisha mfanyakazi kwa uchunguzi aendelee kumlipa mshahara kamili. Amri ya mdhibiti wa England inagusa usajili. Haimhakikishii mtu mshahara. Kwa hiyo kodi ya nyumba, madeni na ada za watoto ziwekwe mbele ya jaji kwa nyaraka.

Mimi siwezi kusimama katika mahakama ile, nikamwambia atafute wakili wa huko mapema, asingoje wiki ya mwisho. Na kama ataona ni busara kuikubali nyongeza, hilo si kukiri kosa. Aliandike waziwazi katika barua ileile ya kukubali.