Dokumentari Nayo Ni Filamu

Kwenye matamasha ya filamu hapa Mombasa kuna tangazo lililokwisha zoeleka. MC anashika maikrofoni, anatukaribisha, kisha anasema: "Tutaanza na dokumentari, halafu tuingie kwenye filamu yenyewe." Nusu ya ukumbi inainuka kwenda kutafuta viazi karai, maana wameshaambiwa kwamba filamu bado.

Kwa ufupi, dokumentari, au filamu ya hali halisi, ni filamu inayohusu watu wa kweli na mambo yaliyotokea kweli, iliyosukwa na mtengenezaji mwenye jambo lake la kusema. Mwenzake ni filamu ya kubuni, ambamo waigizaji huvaa maisha ya wengine. Zote mbili ni filamu.

Maana hii ilipata nguvu kwa Mskoti mmoja, John Grierson. Mwaka 1926 aliandika kuhusu Moana, filamu ya Mmarekani Robert Flaherty iliyopigwa Samoa, akasema ina thamani ya kidokumentari. Baadaye akaifafanua kazi hii kuwa ni kuishughulikia hali halisi kwa ubunifu. Hapo kwenye ubunifu ndipo watu wengi hupita mbio. Wao wanachojua ni kwamba dokumentari ni ukweli mtupu usioguswa na mkono, kana kwamba kamera iliachwa imewaka ikajiokotea mambo. Kwa hiyo wakigundua kwamba kitu fulani kilipangwa, wanatoka wakinung'unika kuwa wametapeliwa.

Huyo huyo Flaherty, katika Nanook of the North ya 1922, filamu yake kuhusu Wainuit, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, aliagiza nyumba ya barafu ijengwe kubwa kuliko kawaida na upande mmoja uachwe wazi, kwa sababu ndani mwanga haukutosha kamera. Aliwataka pia wenyeji wawinde kwa chusa ilhali walikwisha zoea bunduki, na mhusika mkuu, ambaye jina lake lilikuwa Allakariallak, akaitwa Nanook. Nyumba ya barafu mimi hainisumbui. Bunduki iliyofichwa ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa ilitufanya tuamini watu wale hawajabadilika tangu zama za kale.

Chukua mvuvi wa Likoni anayetia ngalawa majini alfajiri. Mtengenezaji ana kamera moja tu. Akisimama ufukweni ataipata ngalawa ikitoka, lakini uso wa mzee hatauona. Akipanda chomboni ataupata uso, ngalawa aikose. Basi anarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kwenye kuhariri, asubuhi tatu zinashonwa zikawa moja, na sauti ya maji huenda ilirekodiwa kando kwa sababu kusi ilikuwa ikipiga maikrofoni. Mwenye jicho kali ataona kikoi kimebadilika rangi kabla jua halijapanda. Hapo hajadanganywa mtu: mzee ni mvuvi kweli na kazi ile ndiyo anayoifanya kila siku. Angeambiwa ajifanye mvuvi wa papa ilhali riziki yake ni tafi, hilo lingekuwa jambo jingine kabisa.

Na wanaodhani dokumentari ni kionjo cha kutangulia filamu, wakumbuke The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King. Ni hadithi ya huku huku kwetu Pwani: kijana anasikia kupitia Facebook kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, anarudi kijijini kuona kuna nini. Kenya iliichagua iwe mshiriki wake katika Oscars za 2021, tena katika kundi la filamu bora ya kimataifa, zilipo filamu za kubuni za dunia nzima. Hakuna aliyesema isubiri filamu yenyewe.

Linalonikera zaidi ni kuichanganya na makala ya televisheni. Makala yana mwandishi anayetusimulia, dakika zake zinaamuliwa na chumba cha habari, yanatakiwa kutoka yakiwa bado ya moto na kuzisikiliza pande zote, kisha yanafungwa kwa jina la mwandishi na mji aliopo. Ni kazi ya heshima, lakini ni kazi nyingine. Dokumentari inaweza kukaa na mtu mmoja miaka, ikanyamaza panapofaa, ikaondoka bila kujibu swali ililoliuliza. Katika Thank You for the Rain (2017), mkulima Kisilu Musya anashika kamera yeye mwenyewe na kuirekodi familia yake, kijiji chake na madhara ya mabadiliko ya tabianchi, kwa ushirikiano na Julia Dahr wa Norwe. Hakuna chumba cha habari kitakachompa mwandishi wake muda kama ule shambani kwa mtu.

Kuna na ile video ya dakika nane: kinanda kinalia taratibu, mama anashukuru kwa kisima, nembo ya mfadhili inaonekana mwanzo na mwisho, na kila neno limeshapitishwa ofisini kabla kamera haijafika kijijini. Nayo siku hizi inatangazwa kuwa dokumentari. Kisima ni cha kweli na shukrani ni za kweli, sikatai. Ila mtengenezaji hakuwa na ruhusa ya kukuta kisima kimekauka. Tuiite video ya mradi. Mfadhili ataielewa vilevile.