Wagonjwa wa akili na majaribio ya tiba: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo, hawezi kutoa ridhaa ya kushiriki utafiti kwa sababu hajui anachokubali.

Ukweli: Jina la ugonjwa halimwondolei mtu uwezo wa kuamua. Uwezo huo hupimwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa jambo husika na kwa wakati husika, kwani aliyelemewa leo anaweza kuwa ametulia baada ya wiki kadhaa za matibabu. NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa vinasaba uliofanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ulitumia maswali 10 mafupi kupima kama mtu ameelewa alichosomewa. Hatua hiyo naithamini kuliko saini yenyewe. Mgonjwa akiulizwa, "Je, ni lazima ushiriki?" naye akajibu, "Daktari amesema nikubali," kalamu huwekwa kando, maelezo yakarudiwa polepole, kisha akaulizwa tena. Asiyeelewa haandikishwi.

Dhana potofu: Ndugu akikubali, imetosha.

Ukweli: Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka hata yule anayewakilishwa kisheria aombwe kukubali mwenyewe kadiri awezavyo, na akikataa, aheshimiwe.

Dhana potofu: Wagonjwa hawa hukataa, au hujiunga kisha wakapotea.

Ukweli: Nchini Uingereza, jaribio la SCIMITAR+ la kuwasaidia watu kuacha sigara, lililotoa matokeo mwaka 2019, liliandikisha wavutaji sigara 526 wenye magonjwa makali ya akili, na wengi wao walikuwa bado wanafuatiliwa baada ya miezi 12. Baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliopewa msaada maalumu walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 6 ya waliopata huduma ya kawaida. Mara nyingi kizuizi hutangulia kukataa kwa mgonjwa: mhudumu hupitia orodha, huliruka jina akisema "huyu hataweza," na mwenye jina hasikii kamwe kwamba kulikuwa na utafiti. Nia ya mhudumu ni njema, lakini uamuzi haukuwa wake. Vizuizi vingine ni vya kawaida kabisa: nauli, namba ya simu iliyobadilika, au miadi ya asubuhi kwa mtu ambaye dawa alizomeza usiku bado zinamtia usingizi. Haya hurekebishwa kwa bajeti na ratiba.

Dhana potofu: Kuwaacha nje ya majaribio ni kuwalinda.

Ukweli: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Hata hivyo, majaribio mengi ya tiba za maradhi hayohayo huwatenga. Hivyo daktari mwenye mgonjwa anayeugua skizofrenia na kisukari hutegemea matokeo yaliyopatikana kwa watu wasiomeza olanzapini, dawa ya skizofrenia inayoweza kuongeza uzito na kupandisha sukari.